Chupa Alizozifukiza Koko

Jana Godeliva amenitumia picha ya farasi. Farasi mwenyewe ni mkubwa, mweusi, amenyolewa vizuri kuliko mchungaji wetu, na amesimama ndani ya chumba cheupe chenye sakafu inayong'aa kuliko sahani tulizokuwa tunalia chakula. Kando yake kasimama Godeliva, kavaa kofia ya sufu ingawa yuko ndani ya nyumba, mkononi kashika kipimo cha mashine ya picha kama waziri aliyekabidhiwa fimbo ya ofisi. Chini ameandika: "Huyu ana mimba. Umeona moyo?" Nimeikuza ile picha kwa vidole mpaka simu ikapata joto, na wala sikuwa natafuta moyo. Nilikuwa natafuta kasoro. Labda koti lina doa, labda kamba ya kiatu imefunguka, labda farasi kashusha mzigo wake nyuma ya Godeliva na yeye hajui. Hakuna kitu. Hata mavi ya nchi ile ya baridi yanamheshimu.

Watu huandika kumbukumbu wakiwa na mvi. Mimi nina chunusi, nina mtihani wa kusoma damu ya mbuzi wiki hii, na mwaka ninaotaka kuusimulia haujapata hata vumbi. Lakini niko peke yangu katika chumba kilekile cha mtaa wa Nyamityobora tulichokaa wawili, maharage yangu yamegoma kuiva, na nimeona niandike sasa hivi kabla wivu haujapoa. Nilikuwa na miaka kumi na saba mwaka ule. Nilikuwa nimeingia chuo cha mafundi wa maabara ya mifugo hapa Mbarara, Uganda, kule wanakofundisha vijana kupima damu, maziwa na kinyesi, na kupiga picha za ndani ya mnyama bila kumpasua. Nilijiona nimefika. Kisha siku ya kwanza nikafungua mlango wa chumba nilichopangiwa, nikamkuta msichana mwembamba kutoka upande wa Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale ameshapiga deki, ameshatundika rozari kwenye msumari wa pekee, na ameshachagua upande wa ukutani.

"Wewe ni Faida?" akaniuliza. "Nimekuwekea maji ya kuoga."

Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Ukimtukana, wewe ndiye mbaya. Nikaoga kwa hasira.

Chumba kilikuwa kidogo hivi kwamba mmoja akigeuka kitandani, mwingine alitakiwa kujulishwa. Kulikuwa na pazia la maua lililotenga vitanda na jiko la makaa, dirisha moja lililotazama kamba za nguo za mwenye nyumba, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na sebule yake. Mwenye nyumba tulimwita Mama Kato. Alikuwa mama mnene wa hapahapa Mbarara, mwenye Kiswahili alichookota kwa wanajeshi waliokuwa wateja wake wa chapati, na kila jioni tukirudi alikuwa mlangoni. "Nyinyi watoto ya ngombe! Gambuti nabaki inje. Nyumba yangu hapana kraal ya ngombe." Jioni moja nilikuwa nimelala chali nikisikiliza mazungumzo ya ukutani, kama ilivyokuwa kawaida yangu, nikamsikia akimwambia dada yake: "Ile moja ya Burundi ni mutoto muzuri sana, naosha mpaka sufuria yangu. Hii ya Congo ni kucheka tu. Nacheka, nacheka, kama redio." Nikamtazama Godeliva. Alikuwa anakuna mihogo na kujifanya hajasikia. Huo ndio ubaya wake mkubwa: alijua kujifanya hajasikia. Mimi ningekuwa yeye ningeimba.

Na chakula! Zamu yangu ya kupika tulikula ugali wenye uvimbe, ukiubonyeza unasikia mfupa. Zamu yake tulikula maharage ya mawese na mboga ya lengalenga, vitunguu vimekatwa vyembamba mpaka unaona mwanga, na harufu ikapita ukutani ikamleta Mama Kato na bakuli. Godeliva alifanya ishara ya msalaba kabla ya kula, na kabla ya kulala, na kabla ya kuvaa ile glovu ndefu ya kufika begani tunayoitumia kuingiza mkono ndani ya ng'ombe. Sisi kwetu ni Waprotestanti, hatuna mambo ya kujichora hewani, kwa hiyo nilimuuliza mbele ya darasa zima: "Godeliva, unampima au unambatiza?" Watu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Yeye akatabasamu, akaingiza mkono, akasema, "Hana mimba. Kizazi kimelala upande wa kulia." Daktari akaingiza wake baada yake, akasema ni kweli.

Daktari Asiimwe, mwalimu wetu, alitoka kwenye familia ya wafugaji wa Isingiro. Alifundisha kwa Kiingereza, lakini akikasirika au akifurahi alihamia Kiswahili cha kambini, kwa hiyo tulijua hali ya hewa kwa lugha. Kabla hajaturuhusu kumgusa ng'ombe hai kwa mashine, alituletea ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na glovu zilizojazwa maji na kufungwa kama puto, na ndani ya kila glovu alikuwa ameficha kitu. Kazi yetu ilikuwa kuweka kipimo juu ya glovu, kutazama kioo, na kusema ndani kuna nini. Waganda darasani waliiita skani. Sisi wa Kongo na Burundi tuliita ekografi. Mimi nilipotazama kioo chake mara ya kwanza niliona rangi ya kijivu ikitembea juu ya rangi nyingine ya kijivu.

"Faida, unaona nini?"

"Uji, Daktari."

"Uji gani?"

"Wa mtama. Na hawajatia sukari."

Darasa likalipuka. Hata Daktari aligeuka pembeni akajifanya anakohoa. Nikarudi kwenye benchi langu kama malkia. Kisha akaitwa Godeliva. Msalaba, kipimo. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. "Harage," akasema. "Limeanza kuchipua." Daktari akapasua glovu, na harage likatoka na kamkia kake keupe. Hakuna aliyecheka. Darasa lilisema "aaa" ya taratibu, ile ya watu walioonyeshwa kitu. Nikajua pale pale kwamba darasa lina sauti mbili za kumpa mtu, na kwamba ningetoa vicheko vyangu vyote, na vya mwaka uliofuata, nipate "aaa" moja tu.

Niseme ukweli, sikuwa mjinga. Kwenye hadubini nilikuwa hodari: nilizitambua chembe za ugonjwa wa kupe ndani ya damu kabla wengine hawajapata hata mwanga. Nilijua kuzungusha maziwa na dawa kwenye kibao chenye vikombe mpaka maziwa ya kiwele kilichooza yavutike kama mlenda. Kwenye picha za eksirei nilijikaza pia, ingawa mara moja nilitundika mguu wa mbwa juu chini na nikautolea maelezo marefu yenye adabu. Lakini kila nilipofika, Godeliva alikuwa ameshafika na ameshafagia. Kwao hawakuwahi kuwa hata na mbuzi! Wakulima watupu, watu wa mihogo. Mimi ndiye niliyezaliwa kwenye harufu ya ng'ombe, watu wangu wametembea na ng'ombe kutoka milima ya Kivu. Ng'ombe angetakiwa kunifungukia mimi. Nililala nikiwaza hivyo, na upande wa pili wa chumba nikamsikia akipumua polepole, kwa usahihi, kama kila kitu chake.

Chuo kilikuwa na mashine moja tu ya picha ya kubebeka. Mwisho wa mwaka Daktari angechagua mwanafunzi mmoja wa kuzunguka nayo katika vijiji vya Isingiro, yeye na pikapu yake, kila wiki, kupima ng'ombe wa watu. Wengine waliitaka nafasi hiyo kwa ajili ya kupanda gari. Mimi niliitaka kwa sababu ya Koko. Koko ni bibi yangu, anakaa Nakivale, na alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja, Bihogo, mwenye rangi ya damu iliyokauka na pembe zilizopinda kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Tangu nikiwa mdogo Koko alisema: ndama jike atakayefuata wa Bihogo ni wa Faida. Ila Bihogo alikuwa amekaa muda mrefu bila kuzaa, na chuchu yake moja ilikuwa imevimba, inatoa maziwa yenye mabonge. Mjomba Rubeni, ambaye ndiye mwanamume wa boma lile, alikuwa ameshaongea na mchinjaji wa soko la Isingiro. Kwa hiyo niliona picha yote kichwani: pikapu inaingia, nashuka na koti jeupe, napima Bihogo, nasema ana mimba, Koko anapiga vigelegele, mchinjaji anarudi kwake na kamba yake. Katika picha hiyo Godeliva alikuwa amebaki Nyamityobora akiosha sufuria.

Basi siku ikafika kweli. Daktari alipanga darasa zima liende Nakivale kuchukua sampuli, wawili wawili, na mimi akanipanga na nani? Tulishushwa kwa Koko pamoja na mashine, yeye Daktari akaendelea na wengine kwenye maboma ya mbele. Koko alitusubiri na vikombe vya maziwa na ugali wa muhogo. Akanikumbatia, kisha akamkumbatia Godeliva kwa muda mrefu zaidi. Nilihesabu kwa moyo. Nikavaa ile glovu ndefu, nikaikunja vizuri, nikasogea kwa Bihogo.

"Weye, unaenda wapi?" Koko akauliza.

"Kupima, Koko."

"Mutoto mwanamuke wa hapa kwetu hagusake matumbo ya ngombe wa kwetu. Ata kukamua, hakamuake. Kazi yako ni ku vyombo. Unasahau?"

"Koko, ni kazi ya shule!"

"Shule iko Mbarara. Hapa ni kwa Bihogo." Akamgeukia Godeliva, sauti ikawa asali. "Weye mugeni, hauna sheria ya hapa. Ingiza tu, mwanangu."

Nikavua glovu. Ilitoa sauti ya kuchekesha, ile ya mpira unapoachia ngozi, na kwa mara ya kwanza maishani sikucheka. Nilikwenda nikakaa kwenye uzio nikitazama Godeliva, mtu wa mihogo, akifanya msalaba nyuma ya ng'ombe wangu. Kioo alikuwa amekipachika juu ya gunia. Aliinamisha kichwa kama kawaida yake. Kisha akaita, "Faida, kuja uone, moyo unapiga!" Nikaenda. Nikaona uji. Nikasema, "Ndiyo, nauona," kwa sababu nisingeweza kukosa hata hicho. Koko alipiga vigelegele, sawasawa na nilivyoota, ila vigelegele vilikuwa vinaelekea upande usio wangu. Mjomba Rubeni alijikuna kidevu. "Mimba ni sawa," akasema. "Lakini kama kiwele kimeoza, huyo ndama atanyonya nini? Banipatie majibu ya maziwa. Kama ugonjwa hauna dawa, minamuuza, na mimba yake."

Ikabaki kuchukua maziwa. Tulikuwa na chupa ndogo za kioo, zimechemshwa chuoni na kufungwa, moja kwa kila chuchu, na za akiba. Mjomba ndiye angekamua, Godeliva angesimamia. Mimi nilikuwa nimekwenda nyuma ya nyumba kuwasimulia watoto wa jirani jinsi mhubiri mmoja alivyokimbizwa na bata, kwa sababu wale angalau walicheka. Niliporudi, chupa zilikuwa zimeshajaa, zimeshaandikwa kwa mwandiko wa Godeliva ulionyooka kama mstari wa pasi kwenye sare, zimeshapangwa kwenye boksi la barafu. Koko alikuwa anafuta mikono kwa kitenge, uso wa mtu aliyetimiza wajibu. "Nimebatengenezea bintu byenu muzuri," akaniambia. Nilidhani anasema juu ya ugali.

Maabarani tulipaka yale maziwa kwenye sahani zenye chakula cha vijidudu, tukaziweka kwenye kabati la joto, tukasubiri. Sahani za maboma mengine zilitoka na madoa, mengine meupe, mengine ya manjano, kila moja na ugonjwa wake. Za Bihogo zilitoka safi. Zote. Hata ya chuchu iliyovimba, ambayo maziwa yake yalikuwa yamevutika kwenye kibao kama mlenda mbele ya macho yetu. Daktari alizigeuza kwenye mwanga, akahama lugha.

"Hii kitu haiwezekani. Ngombe iko mugonjwa, maziwa hakuna kitu? Nani alishika chupa?"

"Ni mimi, Daktari," Godeliva akasema.

"Wewe uliosha chupa na spiriti."

"Hapana, Daktari."

"Uliosha! Mutu wa usafi mingi, nakujua. Umeua sampuli." Akamtazama kwa muda, kwa huzuni kuliko kwa hasira, na hiyo ni mbaya zaidi. "Mimi nilitaka kukupatia mashine. Sasa nitawezaje? Faida."

"Daktari?"

"Tukitoka tena, wewe ndiye utashika mashine."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayasubiri mwaka mzima, na yalikuja hivyo, kama embe lililokuangukia kichwani. Godeliva alikunja koti lake, akalikunja tena. Jioni ile hakupika. Tulikula mkate mkavu, yeye upande wake wa pazia, mimi wangu. Nikamsikia akiuliza gizani, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura kilicholainika: "Faida, labda niliosha, nikasahau? Mtu anaweza kusahau mikono yake?" Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa inanikwaruza kama sweta ya mtumba.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kuosha vyombo vya maabara. Nikamimina maziwa yaliyobaki ya Bihogo, nikainua chupa ya kwanza niitazame kama imetakata, na pua yangu ikanirudisha Nakivale. Moshi. Ule moshi wa nyasi kavu ambazo Koko huzichoma kwenye chungu kidogo, akafunika juu yake kibuyu cha maziwa mpaka kijae moshi na harufu tamu. Kwetu maziwa hayaingii kwenye chombo kitupu kisicho na moshi. Ni sawa na kumvisha mtoto nguo mbichi. Nilinusa ya pili, ya tatu, mpaka za akiba. Kila moja ilinukia jikoni kwa Koko. Nikamwona kabisa: amekuta boksi la wageni, Godeliva bado anaosha glovu na mashine, amefungua chupa, amenusa, hakusikia kitu, ameona aibu kwa niaba yetu. Akazifukiza moja moja, akazifunga, akamkabidhi mgeni wake. Na moshi ule unaolinda maziwa yasiharibike ndio uliowaua vijidudu kabla hawajafika kwenye sahani.

Mtu mwema angesema alikimbia papo hapo kwenda kusema ukweli kwa ajili ya rafiki yake. Mimi nilisimama pale kwenye sinki nikiwa nimeshika chupa. Niliwaza kwamba nikiiosha tu, harufu imekwisha, mashine ni yangu. Halafu nikawaza Mjomba Rubeni akiambiwa maziwa hayana jibu, akifungua mlango wa boma, na zile pembe zikitoka zikielekea sokoni. Hilo lilinisukuma hatua ya kwanza. Ila kilichonifikisha mpaka mlangoni kwa Daktari, na ninaapa ni kweli, kilikuwa wivu. Nilikuwa nimesikia wanafunzi wakisema koridoni "kosa la Godeliva, kosa la Godeliva," na nikachomwa. La Godeliva kwa lipi? Yeye ana moshi? Yeye ana Koko? Kosa lile lilikuwa letu, la nyumbani kwetu, limetengenezwa na mikono ya bibi yangu kwa utaratibu wa watu wangu, na amelichukua yeye kama alivyochukua msumari wa ukutani! Sikuwa tayari kumwachia na hilo.

Niliingia darasani katikati ya somo. "Daktari, hilo kosa si lake. Ni la kwetu."

"Faida, leo hapana kuchekesha watu."

"Sichekeshi. Nusa."

Alipokea chupa kwa shaka, akaifungua, akaisogeza puani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alifumba macho. "Hii," akasema, safari hii kwa Kiswahili cha taratibu ambacho hatukuwahi kukisikia kwake, "hii ni nyumba ya mama yangu." Kisha chupa zikazunguka darasani pua kwa pua. Waliotoka kwenye familia za ng'ombe walicheka kwa kutambua, wengine waliuliza ni nini. Na katika kuzunguka huko nikaisikia, taratibu, kutoka benchi hadi benchi: "Aaa." Nadhani ilikuwa ya Koko, si yangu. Niliichukua hivyohivyo. Chupa ilipomfikia Godeliva, aliinusa, akaishikilia, akanitazama kwa macho yaliyojaa maji, na mimi nikamtolea ulimi, maana ningefanya nini?

Tulirudi Nakivale, Daktari mwenyewe akiendesha, na chupa mpya. Koko alipoelezwa aliudhika. "Mutabeba maziwa ya Bihogo mu chupa ya uchi? Muko batu gani?" Wakabishana, yeye na Daktari, kwa mchanganyiko wa lugha za ng'ombe wanazoelewana, mpaka wakafikia mkataba: chupa za maabara zitabaki uchi, lakini Koko afukize kibuyu kimoja, na Daktari anywe maziwa yake mpaka tone la mwisho. Alikunywa, akalamba mdomo. Safari hii sahani zilitoka na madoa ya manjano tele. Dawa ikapatikana. Chuchu moja haikupona, tatu zikabaki nzima, na Mjomba Rubeni akamwambia mchinjaji atafute ng'ombe mwingine.

Ningependa hadithi iishie hapo, na mimi nimepiga pozi. Lakini siku hiyohiyo ya kibuyu, Koko alikuwa ameuliza kwa nini Godeliva amekonda, nami, domo langu, nikamwambia: alitukanwa mbele ya watu kwa ajili ya moshi wako. Koko akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya, akamkalisha Godeliva kwenye mkeka, akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, nilikupakaa aibu na weye ulikuya mu nyumba yangu na roho nzuri. Aibu haioshake na maji. Ule ndama mwenye uliona mu tumbo ya Bihogo, ni wako. Tangu leo tuko ndugu."

Ndama wangu! Niliruka. "Koko! Ulisema ni wa kwangu, tangu niko mudogo!"

"Weye uko wa hapa," akanijibu bila hata kugeuka. "Mutu wa hapa banamupatia nini? Yote iko ya yake tayari. Lete chai."

Nikaleta chai. Nilitia chumvi kwenye kikombe cha Godeliva. Alikunywa chote, akasema aksanti.

Mashine alipewa yeye, bila shaka. Alizunguka nayo msimu mmoja. Halafu jina la familia yao likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kwenda kuishi ng'ambo, jambo ambalo kila mtu Nakivale analisubiri na wachache wanaliona. Bihogo hakuwa amezaa bado. Asubuhi aliyoondoka aling'oa rozari yake kwenye msumari na akaniambia, "Sasa msumari ni wako." Nilimjibu angoje kidogo niangalie kama nao haujapewa mtu. Alicheka. Ndiyo mara pekee nilimchekesha mpaka akashika ukuta. Mama Kato alilia upande wa pili wa mbao. Mimi nilipanga sufuria kwa kelele. Mashine ikanijia mimi, kama nguo za mtumba, imeshachukua umbo la mabega ya mwingine.

Ndama alizaliwa jike, rangi ya mama yake. Sikumpa jina, si wangu kumpa. Nilimtumia Godeliva picha, naye akasema aitwe Nyamwotsi, wa moshi. Kila likizo nimemlisha mimi, nimemwogesha dawa ya kupe mimi, nimelala naye bandani alipoharisha. Kwa desturi ya Koko, aliyepewa ng'ombe hurudisha ndama wa kwanza nyumbani kwa aliyempa, ili undugu usikauke. Kwa hiyo wiki iliyopita, Nyamwotsi alipokuwa mkubwa wa kutosha na dume wa jirani amekwisha kumtembelea, nilikwenda Nakivale na mashine. Koko alinitazama nikivaa glovu. "Huyu ni wa Godeliva," nikamwambia haraka. "Si wa kwetu. Sheria haimugusi." Koko alifikiria, akakohoa, akageuka kutazama mgomba.

Nikaweka kioo juu ya gunia. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Ndiyo, nimemwibia na hilo. Uji, uji, uji. Kisha katikati ya uji likafunguka shimo jeusi la maji, na ndani yake kitu kidogo cheupe, na ndani ya hicho kitu, mwanga ukiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, haraka kama mtoto anayepepesa macho akijifanya amelala. Sikuweza kusema mzaha wowote. Mjomba Rubeni aliuliza kama nimeumwa na kitu.

Basi jana, baada ya kumtafutia farasi kasoro na kukosa, nilimrudishia Godeliva picha niliyoipiga kwenye kioo siku ile. Nikaandika chini: "Nyamwotsi ana mimba. Huyu wa tumboni sasa ni wangu, uliza Koko. Umeona moyo?" Nikaona ameandika, amefuta, ameandika, amefuta. Mwishowe akatuma sauti. Nyuma yake upepo, na milango mizito inayofungwa. "Faida," alisema, "huku napima wanyama siku nzima na sijui hata mmoja ni wa bibi gani." Akavuta pumzi. "Nimetazama picha yako mpaka macho yanauma. Nionyeshe tena pale moyo uko. Mimi naona uji tu."

Nimeisikiliza mara nyingi sauti hiyo. Sijui kama alikuwa ananitania. Nimeamua kwamba hakuwa ananitania.